Bei ya Mikono

Mtu aliyewafunika waombolezaji wa nusu ya wilaya yetu kwa turubai lake alimzika mke wake juani. Niliona kwa macho yangu. Na ile karatasi iliyowafanya watu wakae wakimtazama bila kugusa hata kamba, niliiandika mimi, kwa mwandiko niliofundishwa na masista, ule wa kulalia kulia kidogo. Naanza na hili kwa sababu sitaki mtu anisikilize nikimsifu mzee yule, halafu mwishoni aone kwamba nilimficha kitu.

Tulimwita Mwenye Turubai. Homa Bay ya miaka ile ilikuwa na gati, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali, na yeye. Alikuwa na chumba cha mabati karibu na soko, na humo ndani mlikuwa na maturubai mawili, kubwa na dogo, viti vya kukunja zaidi ya mia, karabai nne, na sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea. Ukifiwa, ukiozesha binti, ukimkaribisha askofu, ulikwenda kwake. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza yake. Hakunitoza kodi; badala yake nilishona kila palipochanika. Turubai zito namna ile halipiti kwenye cherehani, linataka sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta, na ncha za vidole vyangu viwili zimekufa ganzi mpaka leo. Aliniita Nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa kuwa nilitoka Kendu Bay. Nami nilimwita Jaduong', kama tunavyowaita wazee wetu.

Hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipokuwa akikusikiliza alitazama sikio lako badala ya macho, mpaka ukajishika kuona kama kuna mdudu. Katika viti vyote vile hakuketi hata kimoja. Aliketi kwenye sanduku la misumari. Nikimwambia, "Jaduong', utaumia mgongo," alijibu kwamba kiti ni cha aliyelipa. Lakini mtoto wa mwalimu mmoja alipofukuzwa shule kwa karo, mzee yule yule aliuza baiskeli yake, akaenda sokoni kwa miguu miezi minane, na akinisikia nikilitaja jambo hilo ananuna. Mimi sina subira na watu wanaoficha wema wao kama wameuiba. Nilimwambia hivyo mara nyingi, na hakujali.

Harusini alilia. Sisemi yale machozi ya heshima ya kufuta kwa kitambaa. Alilia kwa kwikwi, nyuma ya lori, wakati bibi harusi hata hamjui. Kwenye matanga alikuwa mkavu kama nguzo zake. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Mke wake ndiye aliyenieleza kwamba matangani alikuwa anahesabu: watu wangapi, jua liko wapi, upepo wa ziwa utageuka saa ngapi, mjane ameketi upande gani. "Akianza kulia hapo," mama alisema, "ni nani atakayeona kwamba kamba imelegea?"

Na kulikuwa na hii ya lugha. Karibu sisi sote pale tulikuwa Wajaluo, nyumbani kila mtu alisema Dholuo, lakini yeye kwenye kazi alisema Kiswahili, kile alichookota kwenye kambi za kutengeneza barabara. Wewe kamata hii, wewe vuta ile, wewe ngoja mimi naambia. Watu walimcheka. Ouma, kiongozi wa wabebaji wake, mtu wa Mbita mwenye mabega ya kubeba mtumbwi peke yake, alimwigiza mpaka sisi tukashika mbavu. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa na anawatesa wenzake.

"Nyar Kendu," akasema, "nikimwambia mtu kwa Dholuo ashike nguzo, tayari amekuwa mtoto wangu. Na mtoto wako humlipi. Unampa ugali."

Wakati ule nilidhani ni mzaha. Sikujua kwamba jambo hilo lilikuwa linamsumbua tangu alipoanza biashara. Maana mteja alilipia turubai, viti na sufuria, basi. Mikono haikuwa na bei. Kwetu kwenye matanga hakuna anayelipwa. Anayechimba kaburi, anayechota maji, anayepasua kuni, wote hufanya kwa sababu kesho msiba utakuwa kwao. Kwa hiyo Ouma na wenzake wawili walifika na mzigo, wenyeji wakaungana nao kuinua, na jioni wakapewa nyama kama watu wote, wakaambiwa asanteni, ndugu zetu. Ndugu hao walirudi kwa wake zao na shibe ya tumbo moja. Mwenye Turubai aliwapa kitu kidogo kutoka kwenye pesa za viti, kama kimebaki.

Kilichobadilisha mambo kilitokea kwenye matanga ya mzee mmoja upande wa Magunga. Mvua ilikuwa imenyesha, lori likakwama kwenye tope jeusi, wakafika wamechelewa. Turubai kubwa lilitaka watu sita: wawili kwenye nguzo za kati, wanne kwenye kamba za pembeni, na wote wasubiri neno la mtu mmoja. Ouma na mwenzake walishika nguzo, vijana wanne wa boma wakashika kamba. Sasa, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukusanywa kwa ajili ya tero buru, zile mbio ambazo wanaume huwakimbiza ng'ombe mpaka mpakani, kwa nyimbo na mikuki, kukifukuza kifo kilichomchukua mwenye boma. Nguzo zikiwa nusu angani, pembe ikapigwa. Ng'ombe wakatoka mbio. Vijana wale wanne wakaachia kamba, wakakimbia nao.

Siwalaumu sana. Mtu amefiwa na baba mkubwa, pembe inalia, damu inamchemka, kamba ataikumbuka saa ngapi? Lakini nguzo ya kati ilimwangukia Ouma kwenye goti. Alilala hospitali karibu miezi miwili, na mguu ule haukukunjika tena. Watu wa boma lile walikuja kumwona, wakaleta kuku na pole nyingi. Fidia hapakuwa na wa kuiomba, kwa sababu hapakuwa na aliyeajiriwa wala aliyemwajiri. Wote walikuwa wanasaidia.

Ouma aliporudi na gongo lake, Mwenye Turubai alimketisha barazani, kwenye kiti, bila malipo, na kwa siku tatu akamwuliza maswali. Mimi nilidhani kuinua turubai ni kuinua turubai. Kumbe kuna kupakia, na kushusha, na kubeba kutoka pale lori linapokomea, ambapo pengine ni nusu maili, kuna kuchimba mashimo, tena udongo mweusi si sawa na mawe, kuna kuinua, kuna mtu wa kukaa siku nzima akikaza kamba wakati wengine wanakula, kuna kushusha, kukunja, na kama limelowa, kulirudisha na uzito wa maji yote yale na kulianika kesho yake. Mzee alikwenda hadi barabara ya Kendu na kurudi akihesabu hatua. Akaniita na karatasi, kwa sababu yeye mkono wake wa kuandika ulikuwa mzito.

Mimi, kwa ujanja wangu, nilimshauri aongeze bei ya turubai tu, na mikono ifichwe humo. Nani angejua?

"Watasema turubai limepanda," akasema. "Ouma hatatajwa. Nataka mtu akitoa pesa ajue anampa nani, na kwa kazi gani."

Basi tukaandika. Harusi, mikono ni hii. Mkutano wa hadhara, hii. Sherehe ya kanisa, hii. Tukafika kwenye matanga, akanyamaza. Mke wake alikuwa ameleta uji, na badala ya kuondoka alisimama pale na birika mkononi.

"Hapo acha," mama akasema. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na nadhani ndiye mtu pekee ambaye mzee alimwogopa duniani. "Harusi andika unavyotaka. Matanga acha. Siku yetu ikifika, nani atatushikia kamba?"

Mzee alitazama chini. Ouma alitazama chini. Ningekuwa na akili ningetazama chini mimi pia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimesoma kidogo kuliko nilivyojiona, na nilipenda haki kama mtu anavyopenda kushinda. Nikasema, "Lakini mama, mguu wa Ouma haukuvunjika harusini."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Kisha akaingia ndani na birika lake. Mzee aliuacha uji ukapoa, halafu akasema, "Andika." Nikaandika: matanga, mikono, shilingi nane. Tukaibandika mlangoni.

Niseme ukweli wote. Karatasi ile ilifanya kazi. Upande wa Migori, ambako alianza kuitwa kwa harusi na mikutano, watu walilipa bila neno, wengine wakaongeza maziwa. Huko alikuwa mgeni, na mgeni kumlipa si aibu. Watu wanne waliongezwa. Kila mtu alijua nguzo yake. Siku moja mvua ya mawe iliwakuta kwenye matanga karibu na Mbita, waombolezaji wakakimbilia nyumbani, na wale sita wakabaki kwenye kamba zao vichwa wazi, wala turubai halikuanguka. Ouma aliezeka nyumba yake kwa mabati. Tangu tulipobandika karatasi ile hakuna mtu wake aliyeumia tena.

Huku kwetu pia walilipa. Walimlipa, wakaacha kumsalimia kwa utani. Walipokaa kwenye pombe na yeye akatokea, walihama kwenye mazungumzo waliyokuwa nayo wakaanza ya hali ya hewa. Mwanamke mmoja aliniambia dukani, "Huyo mzee wenu anatuuzia mikono kwenye maiti." Nikamjibu vibaya. Mzee mwenyewe hakujibu mtu. Ila nilimwona akianza kwenda matangani hata asipokuwa na kazi, akichota maji na vijana, akipasua kuni na umri ule, kama mtu anayeweka akiba. Walimshukuru kwa adabu sana. Adabu ile ilimtisha, na aliniambia hivyo: "Nyar Kendu, wananishukuru kama mgeni."

Mama alikufa mwezi wa Januari, Alhamisi, kwa homa ya siku tatu tu. Wabebaji walikuwa wameondoka Jumatano na turubai kubwa kwenda harusi ya Migori, na hapakuwa na njia ya kuwapata. Mzee alikuwa na turubai dogo, na Ouma, na mimi. Tulilipeleka nyumbani kwake, kijijini, maili chache kutoka mjini, tukalishusha uani.

Majirani walikuja wote, sitawasingizia. Walichimba kaburi, wakachota maji, wanawake wakapika, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mama alikuwa amewazalisha wake zao na kuwafunga vitovu watoto wao. Lakini turubai lilibaki limekunjwa pale pale tulipolishusha. Watu walilipita, wengine wakaliruka. Ibada ilikuwa Ijumaa saa saba, na jua la Januari mnalijua, halina huruma na mzee wala mtoto.

Mwenye Turubai alimwendea jirani yake wa karibu, mzee wa rika lake, mtu ambaye mashamba yao yalitenganishwa na mstari wa katani. Alimwambia kwa Dholuo, polepole, nami nilikuwa karibu: "Ndugu yangu, nisaidieni tuinue. Ni nguzo mbili tu."

Jirani hakupandisha sauti. "Kaburi ni la mama," akasema, "tumelichimba. Hiyo turubai ni biashara yako."

"Basi nitawalipa. Kila mtu nitamlipa."

Hapo yule jirani aliumia kweli, niliona usoni. "Utulipe? Siku ya kumzika mama? Watoto wetu tutawaambia tulikula pesa ya nini?"

Wala hakuwa mwongo. Bure wasingefanya, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa amesema mikono si bure. Kwa pesa wasingefanya, kwa sababu mama alikuwa wao. Mzee alisimama katikati ya watu karibu mia nne waliompenda mke wake, na hapakuwa na neno alilobaki nalo la kuwaambia. Nilivua viatu, nikashika kamba. Ouma akaegemeza gongo lake kwenye ukuta, akakumbatia nguzo. Wanawake wawili wakaja kunisaidia, Mungu awabariki. Nguzo ilifika usawa wa kifua, ikarudi chini. Tukajaribu tena. Ikarudi. Mchungaji akatazama saa yake.

Tulimzika juani. Mimi na Ouma tulishika leso yangu juu ya jeneza, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na ilifunika labda nusu. Mzee alisimama kichwa wazi. Hakulia. Nilimtazama nikajua kwamba bado anahesabu, watu wangapi, jua liko wapi, na safari hii hana la kufanya. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Miezi miwili baadaye nilihama Homa Bay. Niliwaambia watu kwamba Migori kuna wateja wengi wa sare za shule, na ni kweli walikuwapo. Lakini niliondoka kwa sababu nilishindwa kufungua cherehani yangu kila asubuhi mbele ya mlango ule.

Nilimwona tena baada ya mwaka na nusu. Nilikuwa nimekuja Homa Bay kununua vitambaa, nikasema sitaondoka bila kumwamkia. Nilimkuta kijijini, uani, ameketi kwenye mkeka, anatafuna njugu. Alikuwa amekonda. Alinitazama sikioni kama zamani, akasema, "Nyar Kendu, umenenepa. Migori wanakulisha." Tulikuwa bado tunaulizana habari za nyumbani alipoingia yule jirani wa upande wa pili wa katani. Alikuwa peke yake, amevua kofia.

Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ile. Mwenye Turubai aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamketisha kwenye mkeka. Walikaa bega kwa bega. Kisha jirani akaomba turubai, kubwa, la kesho kutwa.

"Turubai chukua," mzee akasema. "Na viti vyote. Sitaki kitu."

Jirani alifunika uso kwa kofia yake. Nadhani alikuwa analia. Alipoiondoa, aliuliza, kwa sauti ambayo ungedhani ni ya mtoto, "Na mikono?"

Nilisema kimoyomoyo, sema bure, Jaduong', sema bure na haya yaishe leo. Neno moja tu lingemrudishia kijiji chake. Sote watatu tulilijua.

"Mikono ni shilingi nane," mzee akasema.

Jirani alitikisa kichwa kukubali, polepole. Alitoa noti kwenye pindo la koti, akaiweka mkekani, akaondoka bila kuaga. Nilisubiri mpaka akavuka katani, halafu sikuweza kujizuia. Nilimwambia kwamba ana kichwa kigumu, kwamba mtu amefiwa, kwamba kosa lile lilikuwa langu mimi na angeweza kulifuta na mimi nikapumua. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Turubai ni langu, nimempa," akasema. "Mikono si yangu." Aliokota ile noti, akaikunja. "Tena sikiliza. Nikimwachia leo, nitakuwa nimesema kwamba kumbe iliwezekana kuacha. Kwamba mama alichomwa na jua bure."

Alikwenda kwenye ghala la uani, alikoweka baadhi ya vifaa vyake, kutoa vigingi, nikamfuata nimsaidie. Tulivipanga chini mlangoni, naye akaanza kuvihesabu kwa sauti. Alifika kumi na tisa, akasimama, na vigingi vilikuwa bado vingi. Nikangoja. Kisha nikaanza upya mimi, kutoka moja.